Bwawa limejengwa na limejaa: sasa mwenyewe anatakiwa kuandika na kuhifadhi nini?

Mwezi wa Novemba 2025, maji ya bonde (mahali mgodi unapohifadhi maji na mabaki yake) la kampuni moja ya madini yalifurika mpaka kwenye mitaa ya komini ya Annexe hapa Lubumbashi, na waziri wa madini akasimamisha shughuli za kampuni hiyo. Tangu hapo watu wanazungumza sana juu ya mabwawa, na mengi yanachanganywa. Kuna wanaosema kwamba mtu akishapata kibali chenye kashe ya Leta, amemalizana na sheria. Kuna wanaosema makaratasi ni ya injenieri aliyejenga, mwenye mali hayamhusu. Na wenye mashamba ya samaki upande wa Kafubu, Kipushi au barabara ya Kasenga wanaona hayo yote ni mambo ya migodi.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Wajibu mkubwa wa maandishi unaanza siku mafundi wanapoondoka shantiye, na unamwangukia mwenye bwawa.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Sheria za nchi nyingi zinaposema bwawa, hazisemi maji peke yake. Zinasema kazi nzima iliyojengwa: tuta la udongo au ukuta wa zege, msingi ulio chini yake, njia ya maji ya ziada (ile inayopitisha mafuriko ili yasivuke juu ya tuta), mabomba na milango. Mwenye bwawa ni yule anayelimiliki au anayeliendesha. Anaweza kuwa mtu, kampuni, parokia, au ushirika wa wakulima. Mvujo ni maji yanayopita ndani au chini ya tuta na kutokea upande wa pili. Kila tuta la udongo linavuja kidogo, na hilo halitishi. Kinachotisha ni mvujo ambao hakuna aliyeupima.

Maandishi yenyewe ni ya aina tatu, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu mambo. Kuna dosie, ambayo inaeleza bwawa lilivyojengwa na haibadiliki isipokuwa bwawa lenyewe limebadilishwa. Kuna rejista, ambayo inaandikwa siku kwa siku. Kuna ripoti, ambazo mtaalamu anaziandika kila baada ya muda kwa kusoma hizo mbili na kwa kutembea juu ya tuta.

Sheria zinasema nini

Hapa Kongo, sheria zinazogusa bwawa ni kadhaa. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inadai uchunguzi wa athari kabla ya kujenga, pamoja na mpango wa usimamizi wa mazingira na jamii unaoitwa PGES. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inahusu maji. Bwawa likitoa umeme, linaongezewa sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014. Likiwa la mgodi, linaingia chini ya Kodi ya Madini (Code minier, yaani kitabu cha sheria za migodi) ya 2002 iliyorekebishwa Machi 2018. Hizi ni sheria za msingi, kwa hiyo usitafute humo orodha ya safu za daftari lako. Orodha hiyo iko ndani ya kibali chako na ndani ya PGES iliyokubaliwa, mahali palipoandikwa nini kinapimwa, mara ngapi, na nani anapelekewa. Wengi wanalipa ofisi ya wataalamu iwaandikie PGES, wanapata kibali, kisha kitabu kinawekwa kabatini bila kusomwa. Kumbe kila kipimo kilichoahidiwa humo ni deni la mwenye bwawa mbele ya Leta.

Ili kuona rejista inavyotakiwa kuwa, inafaa kutazama nchi zilizoandika jambo hili waziwazi. Sheria ya Uingereza ya 1975 inamlazimu mwenye bwawa kubwa kuweka kumbukumbu za kina cha maji, za maji yanayopita kwenye njia ya ziada, za mvujo, za kudidimia kwa kuta, na za matengenezo. England inahesabu bwawa kuwa kubwa kuanzia mita za ujazo 25,000 zilizo juu ya ardhi ya kawaida, na Wales kuanzia 10,000. Mizizi ya sheria hiyo iko mbali: mwaka 1925 mabwawa mawili yalipasuka yakifuatana juu ya kijiji cha Dolgarrog, Wales, watu 16 wakafa, na sheria ya kwanza ikatoka mwaka 1930.

Ufaransa, ambayo mainjenieri wengi wa hapa wamesoma vitabu vyake, inadai dosie, maandishi yanayoeleza nani anafanya nini, rejista, na ripoti za uangalizi. Ripoti hizo ni kila mwaka kwa mabwawa ya daraja la A (lenye hatari kubwa kuliko yote), kila miaka 3 kwa B, kila miaka 5 kwa C. Inasema pia kwamba dosie na rejista vikae mahali salama panapofikika katika hali yoyote.

“Langu ni dogo”

Hili ndilo kosa linalosikika kuliko yote. Chukua bwawa la samaki lenye eneo la hekta moja na kina cha wastani cha mita 2.5. Hizo ni mita za ujazo 25,000 tayari. Kama maji hayo yote yanashikwa na tuta juu ya ardhi ya kawaida, England wangeliandikisha kati ya mabwawa makubwa.

Wafaransa wanapima hatari kwa hesabu: kimo cha tuta kwa mita kinazidishwa kwa chenyewe, kisha kinazidishwa kwa kipeuo cha pili cha ujazo, ujazo ukiwa umehesabiwa kwa mamilioni ya mita za ujazo. Tuta la mita 6 linaloshika mita za ujazo 100,000 linapata kama 11. Kwa kuwa kizingiti cha daraja la C ni 20, mtu angesema ameokoka. Lakini kuna mlango wa pili: tuta likizidi mita 2, maji yakizidi mita za ujazo 50,000, na kukiwa na nyumba ya kuishi hata moja ndani ya mita 400 chini ya bwawa, limeingia daraja la C. Soma tena sharti hilo la nyumba, kisha fikiri jinsi Lubumbashi inavyopanuka. Bwawa lililojengwa porini miaka ishirini iliyopita leo lina parseli zilizouzwa chini yake. Tuta halikuongezeka hata sentimita moja, hatari imekua mara nyingi. Ndiyo maana mara moja kwa mwaka rejista inapaswa kupokea mstari mmoja unaosema nyumba ngapi ziko chini ya bwawa na ya karibu iko umbali gani.

Kenya ilijifunza kwa uchungu kwamba bwawa la shamba linaua. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku wakati wa mvua na kuua watu zaidi ya 40.

Dosie: usilipe sehemu ya mwisho kabla hujaipata

Mjenzi akishalipwa fedha zote, kumpata tena ni kazi. Sehemu ya mwisho ya malipo ishikwe mpaka dosie imekabidhiwa, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Ndani yake muhimu kuliko vyote ni plani za kazi ilivyomalizika. Plani zilizotumika kuomba kibali hazitoshi, kwa sababu shantiye haifuati karatasi kila mahali: mwamba ulionekana juu zaidi, bomba likasogezwa mita tatu, mtaro wa msingi ukachimbwa zaidi. Siku mvujo utakapotokea, fundi atakayechimba kwa kufuata plani ya zamani atalikosa bomba au atalitoboa. Ziwepo pia picha za mtaro wa msingi kabla haujafukiwa (baada ya hapo hakuna atakayeuona tena), matokeo ya vipimo vya kushindilia udongo tabaka kwa tabaka, mahali udongo ulikochimbwa, hesabu ya mafuriko iliyotumika kupima upana wa njia ya maji ya ziada, kimo cha kilele kikilinganishwa na alama ya kudumu iliyopandwa nje ya tuta, vibali, hati ya ardhi, na karatasi ya mapokezi (ya kupokea kazi kutoka kwa mjenzi) yenye tarehe.

Kisha kuna taarifa ya kujaza maji mara ya kwanza. Hii mara nyingi haipo kabisa, na ni hasara kubwa, kwa sababu mabwawa mengi ya udongo yaliyopasuka yalipasuka yakijazwa mara ya kwanza au katika miaka michache iliyofuata. Bwawa la Teton, Marekani, lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 maji ya matope yalianza kutoka kwenye tuta, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limekwisha. Wakati wa kujaza, maji yapandishwe kwa hatua, yasimamishwe, mvujo upimwe, yaandikwe yote, ndipo hatua nyingine ifuate.

Rejista

Mama akipeleka mtoto kupimwa uzito, kilo za siku ile peke yake hazimwambii muuguzi mengi. Anaangalia mstari wa miezi yote, kama unapanda au umeanza kushuka. Rejista ya bwawa inasomwa hivyohivyo. Lita za leo zina maana zikiwekwa pembeni ya lita za mwaka jana, maji yakiwa kwenye kimo kilekile.

Tumia daftari lililoshonwa, lenye kurasa zilizotiwa namba kabla ya kuanza. Kaye ambayo kurasa zake zinachomoka haifai. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, andika lililo sahihi pembeni, tia saini. Maandishi ya siku ya kawaida yanaweza kuwa hivi (fito ni mti wenye alama za mita, unaosomewa kimo cha maji): “14 Januari, saa 12 asubuhi. Fito 3.42. Mvua ya usiku mm 61. Bomba limefunguliwa mizunguko 4. Mvujo wa mguu wa tuta: lita 10 kwa sekunde 25, maji safi. Kilele hakina ufa. Njia ya maji ya ziada haina kizuizi.” Kisha jina na saini.

Mistari hiyo ina kazi kubwa. Mvua ya mm 61 juu ya eneo la kilomita 5 za mraba linaloleta maji bwawani ni mita za ujazo 305,000 zilizoanguka usiku mmoja. Si zote zinafika, lakini mwenye rejista ya misimu kadhaa anajua kwa kiasi gani maji yake yanapanda baada ya mvua ya namna ile, na anajua asubuhi ipi afungue bomba mapema.

Mvujo unapimwa kwa ndoo na saa ukiwa mdogo. Lita 10 kwa sekunde 25 ni lita 24 kwa dakika. Ukizidi, weka mferejini ubao uliokatwa pengo la umbo la V lenye pembe ya digrii 90, upime kimo cha maji juu ya ncha ya chini ya pengo, nyuma kidogo ya ubao mahali maji yametulia. Sentimita 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni kama lita 4.4. Angalia vizuri: kimo kimezidi mara mbili, maji yamezidi karibu mara sita. Sentineli anayeandika “mvujo umeongezeka kidogo” bila kipimo anaweza kuwa ameficha jambo kubwa bila kujua.

Rangi nayo iandikwe kila mara. Maji safi yasiyobadilika ni hali ya kawaida ya tuta. Maji yanayoongezeka huku fito ikibaki palepale ni sababu ya kumwita injenieri wiki hiyohiyo. Maji ya matope maana yake tuta linaliwa kutoka ndani, udongo wake unatoka na maji. Hapo watu wa chini wanaarifiwa, injenieri anaitwa saa hiyo, na maji yanaanza kushushwa kwa mwendo ulioandikwa na aliyepanga bwawa, kwa kuwa kuyashusha kwa pupa kunaweza kuporomosha mteremko wa ndani.

Mara ngapi? Wakati wa kiangazi, mara moja kwa wiki inatosha kwa bwawa la shamba. Kuanzia Novemba mpaka mvua zinapokata mwezi wa nne, kila siku. Mvua kubwa ikinyesha bila kukoma, kila baada ya saa chache, na usiku pia. Na siku ambayo hakuna lililobadilika iandikwe vilevile, kwani nafasi tupu haimwambii msomaji kama hali ilikuwa njema au sentineli hakufika.

Yanayoharibu rejista yanajulikana. Fito iliyong’olewa na mafuriko inapandwa upya bila kuandika sifuri yake mpya iko wapi, na tangu siku hiyo vipimo vya zamani haviwezi kulinganishwa na vipya. Miezi mitatu inajazwa siku moja kabla ya ukaguzi, kwa kalamu moja na mkono mmoja, namba zikifuatana vizuri mno. Mkaguzi mwenye uzoefu analitambua hilo kwenye ukurasa wa kwanza, na baada ya hapo haamini hata kurasa za kweli. Picha zinapigwa kila mara kutoka mahali tofauti. Au zote zinatumwa kwa WhatsApp, ambayo inafuta taarifa za siku na mahali zilizokuwa ndani ya picha, kisha simu inapotea. Panda vigingi vitatu vya kupigia picha, na kila picha ionyeshe karatasi iliyoandikwa tarehe.

“Nikiandika ufa, nimejishitaki”

Wenye mabwawa wengi wanaamini hivi, na imani hiyo inaua. Sheria ya Kongo juu ya wajibu wa kufidia, vifungu 258 mpaka 260 vya Kodi ya Kiraia (Code civil) kitabu cha tatu, inasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anailipa, na inamfanya mtu awajibike pia kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Bwawa liko chini ya ulinzi wako. Likipasuka, swali litakuwa ulijua nini, na ulifanya nini. Asiye na rejista hana jibu. Aliyeandika ufa tarehe 3, akamwita injenieri tarehe 4, akashusha maji tarehe 5, ana ushahidi wa uangalifu. Akiwa pia na vipimo vya mvua, anaweza kuonyesha dhoruba ilikuwa ya kiasi gani.

Upande wa mjenzi, sheria inamfunga miaka 10 kwa kasoro za ujenzi, hata zile zinazotokana na udongo. Lakini utamdai kwa lipi bila karatasi ya mapokezi inayoonyesha miaka imeanza kuhesabiwa lini, na bila maandishi yanayoonyesha ufa ulianza siku gani?

Miaka 10 hiyo imezaa kosa lingine. Wahasibu wanajua kwamba taratibu za OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara), ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, zinataka vitabu vya hesabu vihifadhiwe miaka 10, kwa hiyo kampuni zinasafisha kabati na kutupa dosie ya bwawa pamoja na bili za zamani. Dosie ya bwawa haina mwaka wa kutupwa. Inakaa muda wote bwawa lilipo, na shamba likiuzwa au likirithiwa, inaandikwa kwenye hati ya mauzo kama sehemu ya mali.

Mabonde ya mabaki ya migodi

Haya yana ugumu wake. Ukuta unapandishwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ujenzi hauna siku ya kumalizika, na plani ya kazi ilivyomalizika inapaswa kuchorwa upya kila ukuta unapoinuliwa. Baada ya Brumadinho, Brazili, ambako watu 270 walikufa tarehe 25 Januari 2019, ulitolewa mwezi wa Agosti 2020 mwongozo wa kimataifa unaotaka kila bonde liwe na injenieri au ofisi ya mainjenieri iliyoteuliwa, yenye dhamana ya kuthibitisha kwamba bonde linapangwa na kujengwa ipasavyo. Akibadilishwa, uwepo mpango wa kumkabidhi mwingine habari zote za bonde. Unataka pia kampuni iwatangazie watu habari za msingi za bonde. Juu ya vipimo vya kawaida, hapa rejista inaongeza umbali kati ya ukuta na maji yaliyotuama, kimo cha maji ndani ya ukuta kinachosomwa kwenye mabomba ya pizometa, na ukali wa asidi ya maji yanayovuja. Jirani zetu wa Chambishi, Zambia, waliona tarehe 18 Februari 2025 asidi ya bonde lililobomoka ilivyofika mto Kafue. Na bonde lililofungwa linaendelea kuandikwa, kwa sababu mvua haijui kwamba mgodi umefungwa.

Kuhifadhi, na bwawa lisilo na karatasi

Nakala ya kwanza ya dosie ikae ofisini, ya pili mahali pengine kabisa, na isiwe kwenye kibanda kilicho chini ya tuta, ambacho kitaondoka pamoja na bwawa siku ya hatari. Kibandani ibaki rejista inayotumika, na kila mwisho wa mwezi kurasa zake zipigwe picha. Karatasi ya dharura yenye namba za simu za mkuu wa mtaa, bugumesta, injenieri na majirani wa chini ibandikwe ukutani, na namba zijaribiwe kabla ya mvua za kwanza.

Faili za zamani zina jambo moja zaidi la kuangalia hapa Katanga: majina yalibadilika. Sentrali ya umeme ya Mwadingusha iliyo juu ya mto Lufira, inayofanya kazi tangu 1930, iliitwa Francqui. Koni iliitwa Bia. Nzilo iliitwa Delcommune. Nseke iliitwa Le Marinel. Anayetafuta plani kwa jina la leo tu ataambiwa hazipo, hali ziko kwenye rafu. Bwawa lako nalo likibadili jina au mwenyewe, andika majina yote juu ya jalada.

Ukiwa umenunua au kurithi bwawa lisilo na karatasi hata moja, usibuni yaliyopita. Mwite mpima ardhi apime kilele, miteremko na njia ya maji ya ziada, apande alama ya kudumu nje ya tuta. Pima kina cha ziwa kwa mtumbwi na kamba yenye uzito, mistari kadhaa kutoka ukingo hadi ukingo, upate ujazo. Waulize wazee wa hapo na mafundi walio hai, uandike walichosema pamoja na majina yao, ukionyesha kwamba ni ushahidi wa mdomo. Mlete injenieri atembee tutani mwisho wa kiangazi, majani yakiwa yamekatwa ili nyufa zionekane, na aandike hali aliyoikuta. Halafu fungua rejista, na kwenye ukurasa wa kwanza andika tarehe, kimo cha maji siku hiyo, na sentensi moja: kumbukumbu za kabla ya leo hazikupatikana.